Pikipiki Waliyokusifia

Gerejini kwa Baba,
Nyuma ya duka la matairi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko uliko? Wewe hujambo? Wifi na watoto wazima? Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la Baba linamsumbua akipanda ngazi, na mimi unanisumbua wewe. Nimewajulia hali kwanza kwa sababu marehemu Mama alitulea hivyo. Ningefuata moyo wangu, ningeanza na matusi.

Ile pikipiki imekamilika. Ulipoondoka, miaka minne sasa, uliiacha juu ya meza ya chuma. Ulitaka kuigeuza iwe kama za mashindano: usukani wa chini, siti ya mtu mmoja, vikanyagio nyuma. Kwa haraka ya safari ukaikata fremu ikaenda upande, ukaipasha moto, ukainyoosha kwa nyundo, ukaenda zako. Ungeiacha nzima ningekushukuru.

Kilichofuata hujawahi kuuliza, kwa hiyo nakueleza. Sehemu yote uliyoipasha moto niliikata nikaitupa, maana bomba lililopigwa nyundo likiwa jekundu halina nguvu tena. Nikaweka bomba jipya, na jingine jembamba ndani yake, nikachomelea kidogo kidogo, kila mara nikivuta uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma kupima kama fremu imenyooka. Mara tatu uzi ulikataa, mara tatu nikakata nikaanza upya.

Tangi la petroli nililiunda mwenyewe kwa kufua bati kwa nyundo, juu ya gunia la mchanga, miezi mitano. Fundi cherehani wa jirani alikuwa akigonga ukuta na kulalamika kwamba kwa kelele zangu ipo siku atashona mikono ya shati kwenye suruali. Siku injini ilipowaka nililia, sikufichi. Baba alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Yule mtoto ana kichwa." Nilidhani ananisema mimi.

Sasa sikia. Jumamosi ya tarehe mosi nilimwalika Mzee Kona, yule aliyekuwa bingwa wa mashindano na sasa ana timu yake. Alikuwa anatafuta fundi wa kuwatengenezea pikipiki zao msimu mzima. Nafasi ya namna hiyo, Kaka, haipiti hapa kwetu mara mbili. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye fremu, akauliza ni kazi ya nani. Kabla sijafungua mdomo, Baba akajibu ni ya mwanawe wa kiume aliye ng'ambo. Akakupigia simu papo hapo, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

Mzee Kona alipokusifia kazi, ungeweza kusema, "Muulizeni mdogo wangu." Maneno matatu tu! Wewe ukasema, "Asante sana, mzee wangu." Akakuuliza fremu uliinyooshaje, nawe ukajibu kwa majivuno, "Niliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, nikaitwanga nyundo."

Mzee Kona aliondoa mkono wake kwenye siti. Akasema hawezi kumpandisha mtoto wa mtu kwenye fremu ya namna hiyo, kisha ailaze kwenye kona kwa mwendo wa mashindano. Akaaga. Hata chai hakunywa.

Na mimi? Nilikuwa nimesimama palepale na spana mkononi. Ningesema ningemuumbua Baba mbele ya mgeni, ndani ya gereji yake. Nikanyamaza. Watu husema mimi mpole. Upole gani! Woga mtupu.

Jumatatu nilimfuata Mzee Kona kwake nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia ni jambo zuri dada kumtetea kaka yake. Kazi amempa mwingine.

Nilirudi nimewaka. Nikachukua msasa, nikaisugua rangi mpaka mishono ya kuchomelea ikaonekana, nikamwita Baba aje aone. Unamjua, akitazama mshono hujua ni mkono wa fundi gani. Safari hii hata miwani hakuvaa. Akasema, "Najua, mwanangu. Mishono yote ni yako. Lakini wewe upo. Yule, nikikosa cha kumsifia, atarudi nyumbani kwa ajili ya nini?"

Nilikaa juu ya ndoo ya mafuta machafu nikamwangalia anavyoifuta ile pikipiki. Kazi yangu ya miaka minne imefanywa chambo, na samaki mwenyewe amekwisha hama mto.

Maana mwaka jana uliniandikia kwamba umejenga huko na hurudi tena, ukaniomba nisimwambie. Sikumwambia. Nimekaa na siri yako, naye amekaa akikungoja, na nafasi yangu imeondoka katikati yetu.

Basi mpigie Baba. Mwambie pikipiki si yako, kisha mwambie hurudi. La kwanza ningeweza mimi mwenyewe kumshawishi alikiri mbele za watu. La pili ni lako, ulitoe kwa mdomo wako. Baada ya hapo ukate simu ukalale. Mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama kando yake.

Nisalimie wifi na watoto wote, hasa yule Kibonge wenu ninayemwona kwenye picha tu. Mama mdogo anakusalimu, na fundi cherehani naye anasema hajambo. Mungu akulinde na akupe ulimi usioogopa kweli, na mimi anipe kama huo.

Ndimi nikupendaye, hasira na yote,

Mdogo wako,
aliyeijenga.