Mafundo ya Kamba

Kando ya Mto Kuja, Migori
14 Machi 1997

Kwa ndugu yangu Mokaya,

Nakusalimu wewe, mama watoto na mafundi wenzako wote wa Asumbi. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba kwaya bado inaivumilia hiyo besi yako. Sisi huku tu wazima. Kipara changu kinazidi kupanua mipaka, na Edith wangu anasema tumbo hili sasa linahitaji chifu wake.

Mvua bado. Tangu tumzike mdogo wako Kerosi, kisima cha kina mama hakijaguswa. Wanateka mtoni, mwendo wa saa nzima. Watu wanasema aliuawa na haraka zake, kwamba alishuka kuchimba bila mbao za kuzuia kingo. Hata wewe pale kaburini ulisema alikuwa mkaidi, nami nikainamisha kichwa.

Unaijua kanuni ya kamati yetu ya maji. Kila Jumatatu katibu hushusha kamba yenye mafundo katika kisima kirefu cha kanisa. Maji yakishuka chini ya fundo la saba, pampu zote za mashambani zinapumzika mpaka yapande. Katibu ni mimi, na pampu moja ni yangu. Walinichagua kwa mwandiko mzuri, mengine hawakuuliza.

Januari maji yalishuka chini ya fundo hilo. Nyanya zangu zilikuwa zinatoa maua. Nikayafungua mafundo yote, nikayafunga upya kwa nafasi kubwa zaidi, nikatangaza kwamba maji yapo. Pampu zikanguruma wiki sita, yangu na za wengine walioniamini. Kisima cha kina mama kikakauka, ndipo wakamwita Kerosi akichimbe zaidi.

Asubuhi ile alinikuta pale. Akaniuliza, "Katibu, kamba yako ya juzi inasema maji yako karibu. Mbona mchanga huu mkavu hivi?" Alitaka kwanza aende kutafuta mbao. Nikamwambia ni pima moja tu, atayafikia kabla ya chai. Alikuwa amechimba pima tatu kingo zilipoanguka.

Ijumaa ijayo kamati inakaa, nami nitayasema haya mbele yao. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Ukifika nyumbani, kwangu usipite kama moyo hautaki. Ila pitia kwa mama yenu, maana mimi sina uso wa kuingia kwake. Kila Jumapili anamwomba Mungu amsamehe mwanawe ule ukaidi. Mwambie Kerosi aliomba mbao.

Wape watoto salamu zangu, na mkono kwa mama yao.

Ni mimi, rafiki yako ukikubali bado niitwe hivyo,
Stanley Masese