Mama Kwenye Skrini ya Mahakama

Jumatano, Buswelu

Nimechoka, ila moyo umetulia kidogo. Ni yule wakili wa serikali tu ndiye bado ananikera.

Leo mama yangu ametoa ushahidi kwa video kutoka kwake Masaka, Uganda, kwamba siku injini za boti zilipoibwa huku Mwanza, mume wangu alikuwa kwake msibani. Sura yake ilijaa kwenye skrini. Mume wangu, pale kizimbani, akageukia ukutani. Mama naye akainamisha kichwa. Kwetu mkwe hatazamwi usoni.

"Mshtakiwa anaficha uso!" wakili akadakia. "Mama, unamtambua?"

"Ni mkwe wangu. Nitamtazamaje?"

"Basi hukumwona."

"Nilimpikia. Nilimsikia akiongea na wanaume nje."

Nikaogopa. Ushahidi gani huo, wa mtu ambaye hakutazama? Na mtandao nao ukaanza kukwamakwama...

Hakimu akamwambia mume wangu aseme neno lolote. Akasema, bado kaelekea ukutani, "Shikamoo, mama."

"Ndiye huyo," mama akajibu palepale, kichwa chini. "Marahaba, baba. Huko rumande unakula?"

Hakimu akaandika. Sijui kama na hilo la kula aliliandika.