Swali la Rehema

Jumanne, baada ya uji

"Nani kakutuma?" Ndivyo nilivyomjibu binti yangu Rehema, mbele ya darasa langu la kipaimara, alipouliza watoto wanaokufa bila ubatizo wanakwenda wapi. Nilidhani ametumwa na wahubiri wa Kiislamu wa mihadhara ya Mnazi Mmoja aje kunitega. Nikamfuta kwenye orodha ya kipaimara. Hajarudi kanisani tangu siku ile, na sasa ana mvi.

Leo ameniletea uji. Nikaogopa kufa bila kujua, nikamwuliza tena ni nani aliyemtuma.

"Hakuna, Baba. Nilikuwa namuulizia Daudi."

Daudi, mdogo wake, aliishi siku mbili. Alifariki nikimsubiri mchungaji, wakati ningeweza kumbatiza mwenyewe. Sikumtaja tena nyumbani.

Mwalimu mzima, nisimjue mtoto wangu...

Nimemwambia jibu silijui. Nimemwambia hata mimi namuulizia, kila siku.