Plagi ya Msumeno Ninayo Mimi

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa, mayai nimeyafunika na sahani. Anua nguo kabla mvua haijanyesha.

Msumeno wa petroli usihangaike nao, hautawaka. Plagi ya kuwashia injini nimeichomoa, iko kwenye mkoba wangu. ~~Sikupi tena.~~ Nitairudisha jioni.

Usininunie. Nimetoka kuoga asubuhi nakukuta juu ya ngazi, kandambili miguuni, mashine inanguruma usawa wa masikio, na tawi unalolikata ndilo uliloegemezea ngazi. Hilo hilo. Ulishalikata robo. Nilipokuambia shuka, ukanijibu hii ni kazi ya wanaume. Hapo umeniuma kidogo, mume wangu. Msumeno ni wangu, miaka sita naangusha miti ya watu nao, na hata ngazi uliyopanda nimeinunua mimi.

Sasa nimekwenda kuukagua mti wa mteja. Nikirudi saa kumi tutaukata wetu pamoja, tukiwa tumesimama chini, tumevaa mabuti na miwani. Mama yako tumtoe jikoni kwanza, maana mti umeinamia huko. Kamba utavuta wewe, kwa nguvu umejaliwa.

Ngazi usiiguse. Lile tawi limeshalegea, na wewe nakujua.

Mti umesimama pale miaka ishirini, hautashindwa kungoja mpaka saa kumi. Mimi ndiye siwezi kuanza kumzoea mume mwingine.

Mkeo, mwenye msumeno