Neno “run” na Pampu ya Kapolowe

Mjukuu wangu Kapinga,

Wengi hukosea kwa kulitafutia neno la Kiingereza neno moja tu la Kihispania. Huku Likasi hatujambo, na dada yako amejifungua binti.

Umeniuliza “run” ni nini katika sentensi unayoitafsiri kwa Kihispania. Miaka ile viwanda viliposimama, masista Wahispania wa zahanati ya Kapolowe walipata pampu moja tu ya kuwapelekea maji akina mama wanaojifungua. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza: “Do not run dry.” Sista mmoja alitafsiri “run” kuwa “correr”, yaani kukimbia, asielewe anakatazwa nini, akataka kuiwasha hivyo hivyo. Kabla hajaiwasha, wenzake waliniita mimi, mwalimu. Nilimwomba twende kisimani kwa Tata Ilunga, fundi aliyepoteza kazi kiwandani, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, nikamwambia karatasi inakataza pampu “kukimbia kavu”.

“Weye mwalimu, iyi pompe iko na miguu ya kukimbia?” alinicheka. “Inazunguka tu. Ikizunguka bila mayi, inaungua, na ba mama batakosa mayi.”

Sista alifuta, akaandika “funcionar”, yaani kufanya kazi, na chini yake akaandika: Mfasiri, Ilunga. Pampu ile ilidumu miaka mingi, na karatasi ile bado naionea fahari kuliko vyeti vyangu vyote.

Sentensi yako inamtaja mwanamke anaye-“run” duka. Pampu hufanya kazi. Duka huendeshwa na mtu. Leo, shuka kwa mama mwenye duka hapo mtaani kwako, mwulize kwa Kihispania anavyoitaja kazi yake, uandike neno atakalokupa.

Kambo yako