Harusi Ndani ya Kanda ya Upawa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi karibu na bandari, Mbamba Bay, Wilaya ya Mbinga
Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1994, saa 4:20 asubuhi

Jina: Emerensiana Ndunguru (Mama Nazari)
Umri: Miaka 22
Kabila: Mnyasa
Dini: Mkatoliki
Elimu: Darasa la tano
Kazi: Mkulima, pia muuza vitumbua
Makazi: Mbamba Bay, njia ya kushukia ufukweni

Kwanza namwomba radhi Afande Sixbert. Mwanangu Nazari, mwenye miaka miwili na nusu, sasa hivi tu amepanda kwenye benchi, akainua mguu mmoja, akasema "Yaaah!" na kupiga teke bilauri ya maji. Maji yote yamemwagikia karatasi ambayo Afande alikuwa ameshaanza kuandika. Karatasi imeanikwa dirishani. Afande amecheka, akasema, "Mama Nazari, huyu unamlea au unamfundisha?" Nimeomba hii ya pili niandike mwenyewe. Herufi nazijua.

Mimi ni mke wa Joakim, mvuvi. Mpaka jana saa tisa alasiri nilikuwa najiita mjane.

Mnamo tarehe 14 Februari mwaka huu, siku ya Jumatatu jioni, mume wangu alitoka kwa mtumbwi na mdogo wake Egidi kwenda kuvua. Kesho yake saa mbili asubuhi Egidi alirudi peke yake. Aliniambia, "Shemeji, kaka ameanguka ziwani. Sikumwona tena." Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na kila mtu aliliona hilo. Tena Jumapili iliyotangulia walisikika wakigombana nyuma ya nyumba. Mimi mwenyewe nilimsikia Egidi akisema, "Siwezi, kaka. Mimi siwezi." Hawezi nini, sikujua.

Siku ya tatu shati la kijani la Joakim liliokotwa ufukweni. Mwili haukupatikana. Tulikaa matanga, nikanyolewa nywele, na lile shati tukalizika katika jeneza dogo kama la mtoto, padre akaliombea. Mama mkwe wangu, Mama Kunigunda, hakumsemesha Egidi tena. Alisema mbele ya watu, "Nilizaa wawili, mmoja amemla mwenzake." Egidi akahamia Tingi kulima mihogo.

Jumatatu ya wiki hii, tarehe 8, Egidi alikamatwa hukohuko Tingi akaletwa hapa, baada ya mama yake kuja kuomba akamatwe. Alipohojiwa alibadilisha maneno. Alisema kaka yake hakufa, bali alimsindikiza kupanda meli ya Nkhata Bay, upande wa Malawi, na akaapishwa anyamaze. Hakuna aliyemwamini, maana mtu wa maneno mawili. Kesho anapelekwa Mbinga kwa kosa la mauaji. Hata mimi sikumwamini, nasema kweli.

Sasa naeleza habari ya kanda.

Vitumbua nauzia mlangoni mwa banda la video la Bwana Raimundi. Tangu biashara zifunguliwe, kanda zinakuja na meli kutoka ng'ambo. Wenye mabanda wa huku na huko hubadilishana, yetu iende, yao ije. Nyingi hazina majalada, nyingine zimebandikwa jina la picha nyingine kabisa. Kwa hiyo Raimundi akipata kanda huiweka kwenye deki dakika moja, halafu ananiita, "Mama Nazari, njoo utambue." Nikimwambia ni ipi, anaiandika ubaoni kwa chaki. Malipo yangu ni kuangalia bure, nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Afande ameniuliza nawezaje kuzitofautisha, maana kwake yeye Wachina wote wanapigana vilevile. Sivyo. Nazijua kwa muziki wa mwanzo, kama ni ngoma au filimbi. Nazijua kwa mahali, maana kuna ngazi za mawe zenye geti jekundu ambazo zimo katika picha nne, wao hubadilisha mapazia tu. Kuna jamaa mwenye chunjua shavuni, huyo hufa kila picha na hufa mapema, masikini. Akivaa kofia ya ukindu ni picha hii, akinyoa kipara ni nyingine. Wanaume bandani hungoja vita. Mimi napenda kabla ya vita, pale steringi hajui kitu, mwalimu wake anamchotesha maji mwaka mzima, naye ananung'unika anadhani anaonewa, kumbe mikono yake inajifunza. Tena ngumi zao zinalia kama mtu anakung'uta mkeka, na mdomo ukishafungwa maneno bado yanatoka. Nikiwa pale nasahau hata miguu inayouma.

Kanda ninayoisema sisi tunaiita Upawa. Ni picha ya zamani, rangi zimefifia. Kijana ni mpishi wa watawa, hana upanga, anajifunza kupigana kwa upawa wa uji. Joakim aliipenda kuliko zote. Chakula kikiwekwa mezani alikuwa anasimama mguu mmoja, mkono mmoja juu kama anachota, mwingine kiunoni, ndipo akae kula. Nazari amejifunza kwake.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 4 Aprili, Raimundi alionyesha Upawa. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kurudi na vitumbua baada ya msiba. Niliiangalia yote mpaka mwisho, na pale pa upawa nililia. Nathibitisha kwamba siku hiyo kanda haikuwa na harusi yoyote ndani yake. Ila pale mzee anapomimina chai, mashine iliitafuna kanda. Raimundi akakata palipoharibika akaunga kwa selotepu. Kuanzia hapo mzee akiinua birika tu, mara kikombe kimejaa. Watu walicheka wakaiita chai ya kichawi. Mwezi Juni kanda hiyo ilikwenda Nkhata Bay, kwa mwenye banda ambaye pia anapiga picha za harusi kwa kamera yake. Raimundi anasema huko kanda tupu ni za shida, mtu akikosa anapigia juu ya picha yoyote iliyo karibu.

Jana Jumatano saa nane na nusu mchana, Raimundi alinionyesha kanda iliyoshuka na meli. Juu imeandikwa "Ninja." Akauliza, "Ninja kweli huyu?" Nikaona geti jekundu. Nikaona mwenye chunjua na kofia yake ya ukindu. Nikamwambia, "Ninja wapi! Huyu ni Upawa wetu, amerudi nyumbani." Nilifurahi kama nimeona ndugu.

Saa tisa picha ikaanza. Chai ya kichawi ikapita vilevile, watu wakaishangilia. Ndiyo sababu nasema ni kanda ileile yetu, siyo nakala nyingine.

Kijana alipouinua upawa kumkabili adui, picha ilikatika, ikaja mistari, kisha ikaja harusi. Turubai, kwaya, watu weusi kama sisi wanaimba kwa lugha ya ng'ambo. Bandani ikawa kelele. Mmoja akasema, "Raimundi, tumekuja kuona ngumi, siyo pilau!" Mwingine akasema, "Mwacheni mpishi aoe, amepigana tangu asubuhi!" Mimi nami nilikuwa nacheka. Naomba hilo libaki katika maandishi, kwamba nilikuwa nacheka.

Kisha kamera ikamgeukia bwana harusi. Suti ya kijivu, ua kifuani. Nyusi ya kushoto imekatwa na kovu la ndoana. Wakati wa keki watu walimpigia makofi, naye akasimama mguu mmoja, mkono mmoja juu, mwingine kiunoni. Bibi harusi alicheka mpaka akaziba uso kwa shela. Nazari akasema mgongoni kwangu, "Baba."

Beseni langu nilikuja kulikuta chini, vitumbua vimeingia mchanga. Sikulia. Masikio yalikuwa yanavuma kama jenereta. Nilichofikiri kwanza hakikuwa Joakim, kilikuwa ile sauti nyuma ya nyumba, "Mimi siwezi." Aliyekuwa anakataa kusema uongo ndiye tumemfunga.

Saa kumi nilimfuata mama mkwe shambani. Nilimwambia, "Shikamoo Mama. Twende bandani kwa Raimundi." Akasema, "Marahaba. Mimi na mjane wa mwanangu tukaangalie ngumi?" Nikasema, "Twende tu, Mama." Raimundi aliwatoa watu wote. Mama alitazama mara ya kwanza, akasema, "Rudisha." Akatazama tena, "Rudisha." Mara ya tatu alisogea akakigusa kioo kwa kidole. Akasema, "Amenenepa." Akakaa chini kwenye vumbi. Baadaye akasema, "Na huyu mwingine nimewapa polisi kwa mkono wangu."

Kanda nimeileta mwenyewe na nimeikabidhi kwa Afande Sixbert. Kituo hakina deki, lakini Raimundi amekubali kuionyesha kwa mkubwa yeyote atakayekuja. Joakim alikuwa hai baada ya Pasaka, hilo naweza kulisema mbele ya hakimu na mbele ya padre. Naomba Egidi asipelekwe Mbinga.

Mama Kunigunda yuko nje tangu saa moja na kapu la ugali na dagaa wa usipa, ameshindwa kuingia mahabusu. Na Afande ameniuliza swali moja la mwisho, kwamba wenzao wa ng'ambo wakimpata Joakim, je, mimi mke wake namtaka arudi. Nina miaka ishirini na miwili. Nywele zangu zimeota tena. Swali hilo nimelala nalo kabla hajaniuliza, na jibu ninalo. Mimi nasema

Sahihi ya shahidi: E. Ndunguru

Maelezo ya askari: Shahidi aliishia hapo saa 5:35 asubuhi. Mama mkwe wake alimwita kutoka mlango wa mahabusu, "Mama Nazari, njoo unishike mkono tuingie wote." Aliacha kalamu akaenda. Wamekaa na mtuhumiwa dakika arobaini, na chakula kimeliwa. Nimepokea kanda moja ya video kama kielelezo. Safari ya mtuhumiwa kwenda Mbinga nimeisimamisha mpaka mkuu wa kituo aione kanda hiyo. Shahidi aliporudi nilimsomea yote, akakubali kuwa ni yake, akatia sahihi. Nilimpa kalamu amalizie mstari wa mwisho. Alisema uachwe hivyohivyo, kwanza anampelekea shemeji yake maji ya kunawa.

Sixbert, Koplo