"Nakuja, Mama"

Jumatatu, 4 Machi
Afande wa polisi amenipigia ofisini. Kuna maiti ya kijana hospitalini, sura haitambuliki. Wanataka mate ya mama wapime vinasaba, wajue kama ni kaka. Yangu hayafai — mama alinilea tu, hakunizaa. Mwisho Ijumaa saa nane, kisha watazika wenyewe. Miezi minne tangu kaka atoweke. Mama amesema ataenda kesho.

Jumanne, 5 Machi
Hakwenda. Nimemkuta kwenye kompyuta ya kaka, anatazama video zake. Anacheza ule mchezo wake wa Kijapani wa kompyuta: kindege kinapenya mvua ya risasi za rangi, na maoni ya watazamaji yanakatiza skrini kutoka kulia kwenda kushoto. Katikati ya video inasikika sauti ya mama mwenyewe, iliyonaswa siku ile kutoka jikoni: njoo ule, kinapoa. Hapohapo yanapita maneno yenye jina la kaka: "Nakuja, mama."
— Umeona? Amenijibu.
Nikanyamaza. Maoni yale hayaonyeshi tarehe. Yakiandikwa mara moja, hupita sekunde ileile kila video ikichezwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua orodha ya maoni pembeni mwa video, yenye tarehe. 11 Juni mwaka jana, siku aliyoiweka video. Aliandika kuwachekesha wenzake.
Nimemwambia mama.
— Hiyo tarehe umeijua leo? Jana mbona ulimeza ulimi?
Nikaifunga ile orodha.
— Unataka nikateme mate ili mwanangu awe maiti. Kwako ni rahisi. Si damu yako.
Baadaye aliniletea chai. Hakuniangalia.

Alhamisi, 7 Machi
Afande tena. Amesema hawezi kuongeza hata siku moja, majokofu yamejaa.
Kaka alinifundisha mchezo ule, nikafa sekunde ya kumi. Alicheka: usitazame risasi, dada, tazama mwanya. Leo nimezunguka nyumba nzima. Sioni mwanya.

Ijumaa, 8 Machi
Saa saba na robo. Nimeomba ruhusa kazini. Teksi iko nje. Mama amevaa viatu, mkoba begani, amekaa mbele ya skrini. Ameniomba nimwandikie maoni, sekunde ileile: "Umekula?" Nimeandika. Yanapita chini ya yale ya kaka, yanafuatana mpaka ukingoni, yanapotea pamoja.
Amesema tuicheze mara moja tu, kisha twende.
Hii ni ya sita. Dereva anapiga honi.